Nyangumi huvaa, huvishwa au hubandikwa?

SWALI: Mwalimu, salaam. Nafundisha sayansi katika shule moja ya Eastlands hapa Nairobi, na kila muhula tunatoa kijarida pamoja na wanafunzi. Safari hii tumeandika kuhusu watafiti wanaopima mapigo ya moyo, damu na usingizi wa nyangumi na sili (yule mnyama wa baharini mwenye manyoya) kwa vifaa vidogo, vya jamii moja na hizi saa za kuhesabu hatua. Tumekwama kwenye kitenzi. Mwenzangu wa Kiswahili anataka "nyangumi aliyevaa kifaa". Mimi nimeandika "aliyefungwa kifaa". Mwalimu mkuu amelivalia njuga neno "aliyevalishwa" na hataki kusikia jingine. Na kifaa kikitoka, tuseme nyangumi amevuliwa kifaa? Tusahihishie pia sentensi hii: "Nyangumi hiyo ilivalishwa kifaa mgongoni mwake na mapigo yake ya moyo ikashuka hadi mbili kwa dakika."

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nianze na mkuu wako, kwa kuwa ndiye mwenye sauti nzito. Umbo analolitetea halina kosa. Vaa ni katika vile vitenzi vifupi vilivyoficha l, nayo hujitokeza kitenzi kinaponyambuliwa: zaa, zalisha, kaa, kalisha, vaa, valisha. Wapo wanaopendelea vika, na wapo wanaosema visha. Yote matatu yanatumika, wala sioni sababu ya walimu kununiana kwa ajili yake.

Shida yangu iko kwenye maana. Kuvaa hutaka kitu kiuzunguke mwili au sehemu yake: shati, pete, ukanda, saa. Ndiyo maana ndovu wa Samburu akitiwa ukanda wenye redio shingoni, tunasoma kwamba amevishwa ukanda na hakuna anayeshtuka. Ndovu ana shingo. Nyangumi hana shingo ya kuzuia kitu kisiteleze, hana kifundo cha mkono, na mwili wake umechongeka ili maji yapite bila kukwama popote. Ukimzungushia mkanda umemwongezea kitu cha kukokota, na mnyama anayekokota hutumia nguvu zaidi, kwa hiyo hata mapigo utakayopima hayatakuwa yake ya kawaida. Watafiti wanalijua hilo, na wametafuta njia nyingine za kukishikiza kifaa. Kila njia ina kitenzi chake.

Basi ninachokushauri ni hiki: kabla ya kuchagua kitenzi cha kuweka, uliza kitu hicho hutokaje. Kiswahili kimetupa kauli ya kutendua, na jozi zake unazijua tangu shule ya msingi: funga na fungua, bandika na bandua, chomeka na chomoa, ganda na gandua. Ukilipata la kutolea, la kuwekea utakuwa umelipata.

Chukua kisa ambacho bila shaka ndicho mlichokiandika. Kundi la Jeremy Goldbogen wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwamo Paul Ponganis, lilitoa mwaka 2019 kipimo cha kwanza cha mapigo ya moyo wa nyangumi buluu akiwa huru baharini, katika ghuba ya Monterey, California. Walimsogelea kwa mashua, wakanyoosha mti mrefu, wakakituliza kifaa ubavuni, karibu na pezi la kushoto. Kilishikwa na vikombe vinne vya mpira vya kufyonza, kama vile vinavyoshikilia simu ya dereva kwenye kioo cha matatu. Kilikaa kwa muda wa saa 8 na dakika 30 (naandika "kwa muda wa" makusudi, msomaji asije akadhani ni saa nane na nusu mchana). Nyangumi alipozama, moyo wake ulipiga mara 4 hadi 8 kwa dakika, na kuna nyakati ulishuka hadi mara 2. Alipoibuka kuvuta pumzi ulifika mara 25 hadi 37. Kisha vikombe vikaachia, kifaa kikaelea, nao wakaenda kukiokota.

Kitu cha namna hiyo hubanduka. Kwa hiyo kilibandikwa, na nyangumi alibandikwa kifaa. Tazama pia kwamba sikusema "kilibanduliwa". Kubanduliwa kunataka mtu wa kubandua, na pale baharini hapakuwa na mtu, kilibanduka chenyewe. Nimesoma habari nyingi za sayansi katika Kiswahili zinazomweka mtendaji mahali asipokuwapo kwa sababu mwandishi ameng'ang'ania kiishio cha kutendwa, -wa, kila mahali. Kauli ya kutendeka, kama hiyo banduka, ipo kwa kazi hii.

Sasa mgeukie nyangumi wa aina nyingine, aitwaye nyangumi wa Cuvier, bingwa wa kuzama. Watafiti waliowafuatilia kusini mwa California waliandika mwaka 2014 kwamba mmoja wao alifika kina cha mita 2,992, na kwamba mbizi moja ilidumu dakika 137.5. Vikombe vya mpira havikai muda wa kutosha kwa ufuatiliaji wa wiki nyingi. Kifaa kilichotumika kina vijino vya chuma vinavyopenya pezi la mgongoni kwa sentimita chache na kukishikilia hapo kikituma habari kwa setilaiti. Hicho hakikubandikwa, kilichomekwa. Na siku zake zikiisha huchomoka. Mwanafunzi wako atataka kuandika "nyangumi alichomwa kifaa", na kisarufi hajakosea sana, kwani sindano pia huchomwa. Lakini hapa Nairobi ukitaja choma msomaji keshaanza kutafuta kachumbari. Tumia chomeka.

Sili ana habari yake. Ana manyoya, kwa hiyo kifaa hugandishwa kwa gundi juu ya manyoya hayo, na watafiti wasipokiwahi kitadondoka siku manyoya yatakaponyonyoka, maana sili hubadili manyoya kila mwaka. Gandisha ndilo neno. Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, kiliwahi kuwapima sili wa aina iitwayo sili wa bandarini kwa kifaa kinachomulika mwanga ndani ya ngozi na kusoma damu ilivyo chini yake; ufundi huo ndio ndugu wa saa ya mkononi inayokusomea oksijeni. Walichokiona, mwaka 2019, ni kwamba mishipa ya nje huanza kubana kabla sili hajazama, yaani mwili huiweka damu akiba kwa ajili ya ubongo na moyo mbizi ikiwa bado haijaanza. Hakuna mshipi wala kamba katika habari hiyo yote.

Je, vika halina pa kukaa? Linapo. Jessica Kendall-Bar na wenzake walipotaka kujua sili-tembo wa California hulala vipi baharini, waliwatengenezea kofia yenye nyaya za kusoma umeme wa ubongo. Ripoti yao ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba baharini wanyama hao hulala takribani saa mbili tu kwa siku, tena kwa vipindi vifupi wakiwa wamezama. Kofia ni kitu cha kuvaa kichwani. Sili yule alivikwa kofia, baadaye akavuliwa kofia, na mkuu wako akitaka "alivalishwa" mpe, amestahili.

Lakini mwambie asilipeleke neno lake kwa nyangumi, na sababu kubwa ni hiyo "kuvuliwa" uliyoiuliza mwishoni. Kiswahili kina vua mbili: ya kutoa nguo na ya kutoa samaki majini. Zikitiwa katika kauli ya kutendwa zote huwa vuliwa, herufi kwa herufi. "Alivuliwa koti" hakuna utata, kwa sababu koti limetajwa na mvaaji ni mtu. Kwa mnyama wa baharini hali ni nyingine. Kichwa cha habari "Nyangumi avuliwa Monterey" kitamfanya kila msomaji aone damu na chusa, hasa anayejua kwamba Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipitisha mwaka 1982 kusitisha uvuvi wa nyangumi wa kibiashara, hatua iliyoanza kufanya kazi 1986. Hata ukiongeza "kifaa", jicho limeshasimama kwenye "avuliwa". Sioni haja ya kumtega msomaji hivyo wakati banduka ipo.

Lako la "aliyefungwa" nalilaumu hata zaidi. Kufunga kunahitaji kamba, mkanda au kufuli, na mnyama "aliyefungwa" msomaji humwona kizuizini. Kizuizi hubadilisha vipimo, kwa hiyo tofauti hiyo ina uzito katika sayansi yenyewe. Terrie Williams na wenzake waliwapima narwali, aina ya nyangumi wa bahari za kaskazini, walionaswa nyavuni mashariki mwa Greenland kisha wakaachiliwa, na mwaka 2017 wakaripoti jambo la ajabu: wakikimbia kwa nguvu zote, mioyo yao ilishuka hadi mapigo 3 au 4 kwa dakika, palepale mwili ulipohitaji damu zaidi. Mwandishi anayesema "fungwa" kwa mnyama aliyeogelea huru siku nzima amewachanganya wanyama wawili ambao watafiti wenyewe wanajitahidi kuwatenga.

Ukiwa hujui kifaa kimeshikizwaje, sema "aliyebeba kifaa". Beba halidai gundi wala kikombe. Linafaa hata kwa chombo cha Gerald Kooyman, aliyewapima sili wa Weddell huko Antaktika katika miaka ya 1960 kwa kifaa kilichotokana na saa ya jikoni ya kupimia muda wa mapishi.

Kuhusu mahali: "mgongoni mwake" au "mgongoni pake"? Kilichokaa juu ya ngozi kinataka pa: ubavuni pake. Kilichoingia ndani kinataka mwa. Vijino vya chuma vimo pezini mwake, ingawa kifaa chenyewe kiko pezini pake. Na wapo sili waliomezeshwa kidonge cha kupimia joto, ambacho hutambua samaki baridi anapofika tumboni. Hapo ni tumboni mwake, hakuna mjadala. Wengi wetu wa bara tumeacha kuzitenga hizi mbili. Kwa makala ya aina hii nadhani inafaa kuzirudia.

Hukuuliza, lakini katika kichwa cha makala yenu naona "vifaa vya kuvaliwa". Hatusemi maji ya kunywewa wala nguo za kuvaliwa; maji ni ya kunywa, nguo ni za kuvaa. Kwa saa za binadamu andikeni "vifaa vya kuvaa". Kwa nyangumi, "vifaa vya kupimia" vinatosha, na ile -ia inaonyesha vizuri kwamba hicho ni chombo cha kufanyia kazi.

Sasa sentensi yako. "Nyangumi hiyo ilivalishwa" ni Kiswahili cha stendi. Mnyama huchukua huyo na a-, awe mdogo kama dagaa au mrefu kuliko basi. Mapigo ni ya-, kwa hiyo "yakashuka", na idadi yake ni "mawili". Mgongo nao ufuteni, maana kifaa hakikuwa huko. Iandikeni hivi: "Nyangumi huyo alibandikwa kifaa ubavuni, karibu na pezi la kushoto, na alipozama mapigo ya moyo wake yakashuka hadi mawili kwa dakika." Kama ni huyo wa Monterey, ongezeni kwamba alikuwa buluu, kwa sababu wale wanaoonekana Watamu kuanzia Julai ni wenye nundu, na kuna mwanafunzi atakayeuliza.