Mafundi Wanajibu: Lethi ya mtumba, kutoka Dar hadi Mwanza

SWALI: Salaam mafundi. Nina karakana ndogo Nyakato, Mwanza. Nimepata lethi (mashine ya kukereza chuma) ya mtumba iliyotoka Uingereza, iko kwa muuzaji Gerezani, Dar es Salaam. Inakereza kazi ya urefu wa mita moja, uzito nimeambiwa ni tani 1.4. Muuzaji anasema ni nzima kabisa. Niangalie nini kabla ya kulipa, na niisafirisheje isiharibike njiani?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Ndugu yetu, usitoe hata kianzio kabla hujaiona ikizunguka na kukata chuma. Rangi mpya isikutie imani.

Anza na kitanda, yaani zile reli ambazo kigari cha kisu hutelezea. Reli huliwa zaidi karibu na chaki, kile kishikio kinachozungusha kazi, maana kazi nyingi hufanyika hapo. Kilete kigari karibu na chaki, kaza breki yake kidogo mpaka kisogee kwa ugumu, halafu kipeleke upande wa mkia, yaani kiegemeo cha ncha ya pili. Kikikwama njiani, ujue pale karibu na chaki pamelika. Kisha shika spindo, yaani mhimili unaobeba chaki: weka saa ya kupimia juu ya chaki, ingiza bomba au mti kwenye chaki, uinue kwa nguvu ya mkono. Mshale ukicheza milimita 0.02 au 0.03, hatuna wasiwasi. Ukipita milimita 0.05, beringi zinahitaji kukazwa au kubadilishwa, na bei ishuke.

Mwisho kereza chuma cha milimita 40 kilichotoka nje ya chaki kwa milimita 150, bila kukiegemeza kwenye mkia, kwa kisu kikali na kina kidogo. Pima kwa maikromita ncha zote mbili. Zikitofautiana, usikimbilie kusema mashine imechoka: mashine iliyosimama ovyo sakafuni kwa muuzaji hujipinda na kukereza mshazari hata kama ni nzima. Ndiyo maana kipimo cha reli kinatangulia. Hesabu pia gia za kubadilisha za kukatia nyuzi za skrubu. Seti ikipungua, utachonga mwenyewe moja moja. Ukiridhika, dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye namba ya lethi, maana njiani utaulizwa.

Sasa safari. Barabara yenyewe, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, si adui mkubwa. Mashine nyingi huumia wakati wa kupandishwa na kushushwa, kwa sababu lethi ni nzito juu na nyembamba chini, na uzito wake umelalia upande wa kichwa, yaani sehemu inayobeba spindo, tena nyuma ambako mota imefungwa. Ukiinyanyua katikati ya urefu wake, kichwa kitashuka ghafla.

Kabla ya kuinyanyua, vua chaki, ukiweka ubao juu ya reli ili isidondokee hapo. Peleka kigari na mkia mbali na kichwa mpaka mashine ikae sawa hewani, kisha uvikaze. Mikanda ipite chini ya kitanda, na vipande vya mbao viizuie isibane skrubu ndefu ya kukatia nyuzi. Skrubu hiyo ikipinda, kila nyuzi utakazokata zitakuwa na kasoro. Usifunge mkanda kwenye spindo wala kwenye mikono ya kuzungushia. Angalia na pembe ya mikanda: ikisimama nyuzi 60 kutoka usawa wa chini, kila upande hubeba kama tani 0.8 za mashine yako. Ikilala hadi nyuzi 30, kila upande hubeba tani 1.4 nzima. Chukua mikanda ya tani 2 kila mmoja, na inyanyue sentimita tano tu kwanza ili uone inaelemea wapi.

Ifunge kwa bolti kwenye mbao mbili za inchi nne kwa nne, zinazotokeza nje ya miguu yake kila upande, nazo ziungwe kwa mbao za kukingama. Bila hizo itaanguka kwenye kona ya kwanza. Kwenye lori, isukume hadi ukuta wa mbele wa bodi na utandike mpira chini. Sakafu yenye oili huteleza. Breki za ghafla zinaweza kuisukuma mbele kwa nguvu ya takriban asilimia 80 ya uzito wake, na kona kwa asilimia 50, kwa hiyo kamba za katani hazifai. Tumia mikanda ya ratcheti minne, miwili ikivuta nyuma na miwili pembeni, yote imeshika kitanda au mbao. Dereva asimame baada ya kilomita 50 aikaze tena, na kila akisimama baada ya hapo, hata kwenye mizani ya Vigwaza, aipapase. Bima ya mzigo ikatwe kabla ya kupakia, na muulize wakala kama kupakia na kushusha vimo.

Usipopata foklifti Nyakato, kodi lori lenye winchi. Ndani ya karakana iviringishe juu ya mabomba matano ya inchi mbili kwa mtaimbo, na mkono usitumike kunyoosha bomba. Ikifika mahali pake isawazishe kwa pima-maji ya mafundi mitambo na vipande vya bati chini ya miguu, kisha ndipo ukaze bolti. Rudia kipimo baada ya wiki mbili.

SWALI: Mashine yangu ya kutobolea ilitoka Mombasa imefungwa nailoni vizuri, lakini ilifika Kampala imejaa kutu. Kwa nini?
*Msomaji, Kampala*

JIBU: Nailoni ilifungia ndani hewa yenye unyevu. Usiku chuma hupoa na unyevu hugeuka matone. Safari ijayo paka girisi nzito kila sehemu isiyo na rangi, bandika karatasi yenye mafuta, kisha turubai juu, ikiachwa wazi chini ipumue. Mbao mbichi zisiguse chuma. Kutu ya sasa itoe kwa mafuta ya taa na sufi ya chuma laini. Msasa usiupitishe kwenye sehemu zinazoteleza.

SWALI: Karakana yangu ina umeme wa fezi moja. Lethi ya fezi tatu itafanya kazi?
*Msomaji, Mbeya*

JIBU: Inawezekana kwa inveta ya mota (VFD), kifaa kinachotoa fezi tatu kutoka fezi moja, lakini soma kwanza kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400 V, fundi umeme ataiunga delta na inveta ya kawaida ya 230 V itaiendesha. Kikiandikwa 400/690 V, haitatosha. Zaidi ya nguvu farasi tatu, tunashauri uombe fezi tatu. Mara ya kwanza washa bila chaki: mota ikizunguka kinyume, chaki ya kufungwa kwa nyuzi inaweza kujifungua. Ukiona inazunguka kinyume, zima umeme, subiri inveta iishiwe chaji, ubadilishane waya mbili kati ya zile tatu zinazoingia kwenye mota.