Sungura na Kobe dawati moja: jibu kwa mleta mada

Mleta mada, umeuliza kwa nini hadithi yako uliyowaandikia watoto wanaoanza kusoma inawachosha kabla haijafika mwisho. Kwa wasioipitia: Sungura anaazima penseli ya Kobe, anaivunja, anaificha. Mwalimu Tembo anagundua, anawaambia kwamba marafiki wa kweli husameheana, wanakumbatiana, kwisha. Mimi nafundisha madarasa ya chini kabisa, na hadithi za wanyama wadogo wanaosoma pamoja ndizo ninazosoma na watoto mara nyingi kuliko nyingine zote. Kadhaa nimewatungia mwenyewe.

Anayeidhoofisha hadithi yako ni Mwalimu Tembo. Watoto wa miaka sita au saba wakinuniana, mmoja akashasema "sichezi na wewe tena", mwalimu akija kuwashikisha mikono watashikana kwa sababu mwalimu amesimama pale. Kupatana kwenyewe kunakuja baadaye, na kunakuja kwa njia yao: mmoja anasukuma kifutio upande wa mwenzake bila kusema kitu, au kitu kinaanguka wote wanacheka, wakishacheka basi. Mtoto anayajua haya kwa sababu ameyaishi. Ukimletea ugomvi unaokwisha kwa hotuba, anatambua kwamba hadithi imeacha kumhusu yeye, sasa inamhusu mtu mzima.

Nadhani kuna jambo lingine ambalo watunzi wetu wengi tunalibeba bila kulitazama. Wanyama tuliolelewa nao katika ngano si wanafunzi, ni watu wazima, na urafiki wao kwa kawaida unaishia kwenye hila. Chukua Kima na Papa, ngano ambayo mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapa mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili. Kima yuko juu ya mkuyu, anamrushia Papa matunda, wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwake, na katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajiokoa kwa kudai kwamba moyo ameuacha mtini. Akirudishwa anapanda juu, hashuki tena. Ni ngano tamu mno, na naipenda kwa dhati, lakini urafiki ule umekwisha. Kima ana mti wa kukimbilia na Papa ana bahari yake.

Darasani hakuna mti. Aliyemvunjia mwenzake penseli leo, kesho asubuhi atakaa naye dawati lilelile, atapanga naye foleni ileile, na mwalimu akiita majina, majina yao yatafuatana. Hiyo ndiyo nguvu ya hadithi za aina hii, na ndiyo inayozitenganisha na ngano: rafiki uliyemkosea huna pa kumkimbia. Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza jiulize kesho yake itakuwaje. Hadithi yako inakwisha siku ileile ya ugomvi, wakati usiku ulio kati ya siku hiyo na kesho yake ndio wenye utamu, pale Sungura anapojua kwamba lazima arudi.

Swali lako la pili lilikuwa kama ubadilishe wahusika wawe watoto wa kawaida. Mimi ningewabakiza wanyama, ila si bure. Faida yao naiona kila wiki. Kiswahili hakinilazimishi kusema Kobe ni wa kiume au wa kike. "Alisema", "alilia", inatosha. Darasani kwangu wavulana wanasema Kobe ni kama wao na wasichana wanasema hivyohivyo. Kobe si tajiri wala si maskini. Mtoto ambaye hataki kukiri kwamba ametengwa atakuambia bila shida kwamba Kobe ametengwa, na atakueleza na nani.

Hasara yake ipo pia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Patricia Ganea akiwa mmoja wao, walichapisha utafiti waliofanya kwa watoto wa miaka 4 hadi 6. Kundi moja lilisomewa kitabu cha kugawana chenye wahusika wanyama, kundi jingine hadithi hiyohiyo ikiwa na wahusika binadamu, kisha wakatazama kila mtoto angempa mwenzake stika ngapi. Ugawaji uliongezeka kwa waliosomewa ya binadamu; kwa waliosomewa ya wanyama haukuongezeka. Lakini ndani ya kundi la wanyama, watoto waliowaona wale wanyama kuwa na sifa za kibinadamu waligawa zaidi. Mimi nalisoma hivi: mnyama akivalishwa tu sare na kuketishwa darasani, mtoto anaendelea kumwona mnyama. Mpe begi ambalo zipu yake inakwama. Mpe zamu ya kufuta ubao na wivu wa kunyimwa zamu hiyo. Na ukimaliza kusoma usiulize "tumejifunza nini", uliza "wewe ungekaa naye?"

Na tabia ya mnyama ndiyo izae ugomvi, la sivyo umechagua mnyama wa nini? Niliwatungia wanafunzi hadithi ya Nungunungu na Chura. Chura haketi, anarukaruka. Nungunungu akishtuka miiba inasimama yenyewe, na siku moja inachana picha aliyochora Chura. Hakuna mwenye nia mbaya, na kila mmoja ameumia. Chura ananuna, anahamia pembeni, asubuhi dawati ni lilelile. Dawa yao ni neno moja: Chura kabla ya kuruka anasema "Nakuja!" na Nungunungu anapata muda wa kulaza miiba. Neno hilo limerudi karibu kila ukurasa, kwa sababu anayeunganisha silabi anahitaji neno la kulikuta tena na kulishinda: na-ku-ja. Lakini kila linaporudi limebeba kitu kingine. Mwanzoni ni kelele za mchezo, halafu linakosekana kwa sababu wamenuniana, halafu linarudi likiwa ni tahadhari. Wiki zilizofuata nilisikia watoto wakiambiana "nakuja" wanapopenya kati ya madawati. Sikuwafundisha.

Turudi kwa Sungura wako. Ana haraka, hilo linajulikana, basi avunje ncha kwa haraka zake: anaandika mbio na kukandamiza ili amalize wa kwanza. Anaificha penseli. Kobe hasemi kitu wala hasemelei, ila ukurasa wake unabaki mweupe, na mchoraji wako aonyeshe ukurasa ule bila maneno yoyote chini yake. Asubuhi Sungura anakuja na kichongeo. Anachonga mbio, ncha inakatika. Anachonga tena, inakatika. Kobe anasema "Polepole." Sungura, ambaye hajawahi kufanya jambo polepole maishani, anachonga polepole. Penseli inapona ikiwa fupi, na iache hivyohivyo, fupi. Usiwape penseli mpya.

Mwalimu Tembo anaweza kubaki, awe anaandika ubaoni akiwa amewapa mgongo. Sentensi zisizidi maneno matano au sita, "polepole" irudi angalau mara nne, na neno "kusamehe" lisionekane popote. Ukishaandika upya weka hapahapa kwenye uzi, nitaisoma na darasa langu na kukuletea walichosema.