Mzee amehamishia nyumba barabarani, nami nimechoka

*Shangazi, pokea salamu zangu. Mume wangu alistaafu ualimu mwaka jana alipotimiza miaka 60. Pesa za uzeeni zilipotoka alinunua HiAce kuukuu iliyokuwa matatu, akang'oa viti, fundi akatuwekea kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Tangu hapo tuko njiani. Mara Naivasha, mara Baringo, mara Dunga, na kila tunapofika ni ndoano na chambo. Akishatupa mshipi majini hata chakula hakumbuki. Mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki namngoja.*

*Tukichoka tunaenda kwa watoto. Kijana wetu yuko Kisumu na mkewe, binti ameolewa Bungoma. Juzi tulikaa Kisumu wiki tatu. Siku moja mzee akaingia na kamongo mzima, akamtia kwenye sinki la jikoni. Mke wa mwanangu alipokuja kuosha vyombo samaki akajirusha, mama wa watu akapiga mayowe hadi majirani wakaja. Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Kule Bungoma nako, mkwe wetu hataki tulale ndani, anasema ni mwiko. Tunalala garini nje ya geti. Nyumba yetu ya Lanet mzee aliipangisha ili tupate pesa za mafuta, nikaja kuambiwa siku mbili kabla ya wapangaji kuhamia. Nina presha, na kliniki yangu iko Nakuru. Nimwambieje aache uvuvi bila kuonekana nampinga?*

*Mama wa Njiani, Nakuru*

Dada, salamu zimefika. Barua yako nimeisoma nikarudia, na kilichonigusa ni namna ulivyogawa maneno. Ndoano, chambo, kiti cha plastiki na kamongo vimepewa nafasi tele. Nyumba yako imepata sentensi moja tu, tena karibu na mwisho, kana kwamba imekuponyoka. Kwangu mimi, barua yenyewe ni ile sentensi.

Hebu fikiria: mzee akubali leo, avunje mshipi, auze ndoano, aseme basi, turudi. Mtarudi wapi? Chumbani kwako kuna watu wengine wanaolipa kodi. Ndiyo maana kila kitu cha safari kinakuuma, hata vile ambavyo mwingine angevicheka. Mtu mwenye ufunguo wa mlango wake mkobani anaweza kukaa Baringo wiki nzima akifuma vitambaa bila kununa. Wewe ufunguo huna, kwa hiyo kile kiti cha plastiki ndicho makazi.

Usimwombe aache uvuvi. Mwalimu ni mtu aliyeamshwa na kengele, akala kwa kengele, akaenda nyumbani kwa kengele, miaka yote ya kazi. Sasa amepata mahali ambapo hakuna anayemdai chochote isipokuwa subira. Ukimnyang'anya hapo, utarudi Lanet na mzee anayezunguka uani akikosoa unavyopika. Nawajua wanawake waliopata mume wa namna hiyo, na hawakushukuru.

Omba nyumba. Hapa nataka ujue umesimama wapi, kwa sababu wengi wetu tunadhani mwenye hati ndiye mwenye neno la mwisho. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haiwekwi rehani wala haipangishwi bila idhini ya wote wawili. Habari ya kuuza watu wameisikia, ya kupangisha huwapita masikioni. Kuambiwa zikiwa zimebaki siku mbili si kuombwa idhini. Sikutumi kwa wakili, na sitaki umtupie mzee kifungu cha sheria mezani kama mwanafunzi wake wa zamani aliyekuja kulipiza kisasi. Nataka tu ukifungua kinywa usiwe unaomba hisani.

Zungumza naye jioni, mkiwa mmeshakula, si asubuhi akiwa anatafuta minyoo ya chambo. Mwambie hivi: "Mwalimu, safari sijaikataa. Ila nyumba ile ilipangishwa bila mimi, na hilo limeniuma. Nataka turudishe mahali petu." Kisha nyamaza. Usiongeze habari ya kamongo, usitaje Bungoma, usitaje mama yake. Ukichanganya mambo atachagua lile dogo kulijibu, na jambo la nyumba litakufa papo hapo.

Atasema pesa. Ni kweli mafuta yanakula pesa, lakini angalia njia zenu wenyewe: Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni karibu kilomita 180 kwenda tu, na mnapanda na kushuka milima na gari lililokwisha kuchoshwa na abiria. Mkitulia mahali pamoja muda mrefu zaidi na kuhamahama kidogo, hiyo kodi mnayoitegemea haitakuwa na kazi kubwa hivyo. Na kama ploti yenu ina vyumba vya nje, kama zilivyo ploti nyingi za Lanet, wapangaji wabaki kwenye nyumba kubwa kwa sasa, nyinyi mchukue chumba kimoja nyuma, muweke kitanda, kabati na kufuli yenu. Si suluhisho la kudumu, lakini litakupa mahali pa kuvua viatu. Wapangaji nao wasifukuzwe ghafla. Wapewe notisi kama mkataba unavyosema, maana hawakukukosea chochote.

Sasa Kisumu. Hapa nitakukosoa, unisamehe. Wiki tatu! Kijana ana mke, mke ana sinki moja, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Nyinyi hamkupewa, mkaendelea kukaa. Mkifika tena, taja siku ya kuondoka hata kabla hujamaliza chai ya kwanza. Utashangaa jinsi sura ya mwenye nyumba inavyofunguka.

Na lile la kamongo si la samaki. Kamongo ana mapafu, anavuta hewa, ndiyo sababu alikuwa hai sinkini wakati samaki mwingine angekuwa ameshakufa. Halafu kuna wanawake wengi wa pande za ziwa ambao tangu jadi hawamli. Lakini hata angekuwa ngege aliyeparuliwa vizuri, swali lingebaki: baba mkwe alitafuta nini jikoni kwa mke wa mwanawe? Kwa desturi za huku, hapo ndipo penye kosa, na huyo binti hawezi kulitamka. Anakujibu wewe kwa mkato kwa sababu hawezi kumjibu mzee hivyo. Nenda wewe mwenyewe, mkae wawili, umwambie: "Mwanangu, siku ile ulishtushwa nyumbani kwako, pole. Mzee hataingia tena jikoni." Usimtetee mzee hata kwa neno moja. Mzee akivua, samaki waparuliwe huko huko ufukweni, Dunga hawakosekani wa kumfanyia kazi hiyo kwa pesa kidogo, kisha ulete wewe, au mjukuu apeleke.

Mkwe wenu wa Bungoma hana kosa. Kwa jamii nyingi za magharibi, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, na kijana anayekumbuka hilo siku hizi anawaheshimu. Kama anawasalimu, anawalisha na binti yenu anacheka, mshukuru Mungu. Tena mna bahati ambayo wakwe wengine hawana: wao wakienda kutembelea binti lazima wawahi matatu ya jioni au watafute gesti mjini, nyinyi mmekuja na chumba chenu. Kinachonisumbua ni hapo nje ya geti, usiku, wazee wawili. Mwombe binti amwambie mumewe aulize wazee wa ukoo wake kama gari linaweza kuegeshwa ndani ya boma. Wazee wengine watakubali, kwa kuwa matairi hayana msingi. Wakikataa, kuna vituo vya mafuta vyenye mlinzi, au uwanja wa kanisa mkizungumza na mchungaji. Aulize yeye, msiulize nyinyi.

Presha yako ipange safari, badala ya samaki kuipanga. Tarehe ya kliniki iandikwe kwanza kwenye kalenda, uvuvi uzungushwe hapo katikati, na dawa zisipungue za mwezi mzima mkobani. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF haipo tena, ni SHA, kwa hiyo hakikisha wote wawili mmesajiliwa na michango iko sawa kabla hamjaugua mbali na nyumbani. Ukitoka Nakuru kwenda ziwani unashuka kwenye malaria. Chandarua ndani ya gari, na homa yoyote ipimwe, isiitwe uchovu wa safari. Mzee asisimame ndani ya maji ya ufukweni Victoria akitupa mshipi, kichocho kiko pale, na viboko wa Dunga na Naivasha hutoka majini usiku kula nyasi, kwa hiyo kitanda chenu kisiwe hatua chache kutoka majini. Pale Salgaa, njiani kutoka Nakuru, panajulikana kwa ajali, msipite usiku.

Mwambie pia mzee akuulize swali moja ambalo sikuliona kwenye barua: wewe ungependa kwenda wapi? Nimetafuta jina la mahali ulipopachagua wewe, sikuliona. Pengine una dada Kitale, pengine una rafiki wa chuo Kakamega mliyepoteana naye. Gari ni lenu wote wawili, na pesa za uzeeni zilizolinunua zilipatikana wewe ukiwa unalea watoto na kuweka sufuria mekoni.

Lakini anza na mkataba wa wapangaji. Mwombe akuonyeshe karatasi yenyewe, usiridhike na maelezo ya mdomo, uone unaisha lini na nani ametia sahihi. Ukishaipata hiyo tarehe, niandikie tena.