Bajeti ya Mradi Isomwe Kijijini Kwanza

Mdogo wangu unayeanza kazi kwenye shirika lisilo la kiserikali, iwe Mbeya, Njombe au hapa kwetu Iringa, nina ushauri mmoja kuhusu uongozi: wasomee wanakijiji hesabu zile zile unazompelekea mfadhili.

Mfadhili hupelekewa ripoti kila robo mwaka, pamoja na risiti zake. Kijiji hupewa hotuba, fulana na picha ya pamoja. Wakati nafasi ipo kisheria: mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, hutakiwa kukaa kila miezi mitatu. Muombe mtendaji wa kijiji akuingize kwenye ajenda, bandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, halafu simama usome. Saruji kiasi gani, mabomba kiasi gani, mafuta ya gari, posho.

Kwenye posho ndipo utakapotoka jasho. Katika mradi mmoja wa maji huko Kilolo, mama mmoja alinyoosha mkono akauliza kwa nini semina ya siku moja mjini inakula fedha kuliko koki zote za kijiji chao. Ofisini swali hilo halikuwahi kuulizwa, na tulikuwa na wahasibu wazuri tu. Semina tukazihamishia darasani, shule ya msingi pale pale kijijini, na kilichobaki kikanunua vipuri. Ulipofika wakati wa kuchangia fedha za maji kwa kila ndoo, kamati ya maji haikubishana na mtu.

Wakubwa wengine watakuonya kwamba ukifungua vitabu unaleta maneno. Maneno yapo tayari. Kaa kwenye kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, jioni moja uyasikie.

Ila uchague wakati. Mvua zetu huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mtu mwenye shamba la mahindi hataacha jembe aje kusikiliza bajeti. Juni hadi Agosti mavuno yanakuwa yameingia ndani, na hata baridi ya Makete haiwazuii watu kukaa mkutanoni wakiwa wamejifunika mablanketi. Kalenda hiyo iandike kwenye andiko la mradi kabla mkataba haujasainiwa. Ukisubiri baadaye utajikuta unaitisha mkutano Januari, watu wako kwenye palizi, umekaa na mwenyekiti na mtendaji peke yao.