Nyumba ya babu: katapila lisubiri

SWALI: Shikamoo Fundi. Nyumba ya marehemu babu hapa Bagamoyo, ya mawe na boriti, imeanguka ukuta wa nyuma. Kaka zangu wanataka kuleta katapila, kifusi kikamwagwe, tujenge ya tofali. Humo ndani kuna cha kutumika tena?
Mjukuu, Dunda

JIBU: Marahaba, mjukuu. Kabla hamjagusa jiwe, waoneni watu wa Mambo ya Kale, mjue kama nyumba imo katika eneo linalolindwa. Na mlango, kama ulichongwa kabla ya 1940, unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Dalali asije akawarubuni mkauuza.

Kisha chukua msumari, ukwangue katikati ya mawe. Ukitoka unga mweupe, hiyo ni chokaa, na ukuta utafunguka jiwe kwa jiwe kwa mtaimbo na nyundo. Chokaa ni laini kuliko jiwe la matumbawe, ndiyo maana huliachia. Saruji haiachii. Niliwahi kufungua ukuta uliokuwa umezibwa nusu kwa saruji. Upande wa chokaa mawe yalitoka mazima, tukayapanga chini ya mwembe. Upande wa pili kila jiwe lilimeguka, likabaki na kipande cha mwenzake. Iliniuma sana. Mawe yale yalichimbwa na kuchongwa kwa mikono ya watu.

Boriti, ile miti ya mikoko inayobeba dari, zigonge moja moja. Inayolia kavu ni nzima. Inayoitika bubu imeliwa na mchwa. Mara nyingi huoza ncha tu, pale zilipomezwa na ukuta. Zikate ncha, zipeleke kwenye chumba chembamba zaidi, hata stoo. Msikatishe mikoko mingine wakati za babu zipo.

Chokaa ya zamani haitashika tena, kwa kuwa ilikwisha kurudi kuwa jiwe. Ichekecheni, itumike kama mchanga ndani ya chokaa mpya. Mawe yaliyokunywa chumvi ya bahari yaacheni nje masika nzima yanyeshewe, la sivyo lipu itabanduka. Na mkiyajenga upya, nakusihi, msiyapige lipu ya saruji: hufungia unyevu ndani, ukuta ukaoza polepole.

Waombe kaka zako wiki chache na vibarua wanne. Anzeni na paa, mshuke kwenye dari, boriti zifunikwe turubai. Kuta ziwe za mwisho.