"Tunaenda" we umo au haumo? Majibu ya wiki hii

Kaka, wifi kanipigia, "kesho tunaenda Mikindani harusini". Nimesuka, nimekaa na begi mlangoni, kumbe wanaenda wao. Kosa la nani? (Mama wawili, Shangani)

Pole dada, kosa la "sisi". Sisi yetu haisemi kama unayeambiwa umo. Angekuwa Mmalagasi, mtu wa Madagaska hapo ng'ambo tu ya bahari yetu, asingekuyumbisha: isika ni sisi na wewe umo, izahay ni sisi wewe baki. Waindonesia nao wana kita na kami, wala si ajabu maana Kimalagasi asili yake huko huko Borneo, na Wasomali wana innaga na annaga. Ila mi nahisi wifi yako alijua anachofanya.

Kwa hiyo Kiswahili maskini? (Masasi)

Hapana. Na swali hili lisirudi, kila mwezi analileta mtu. Kiingereza na Kifaransa navyo havina, mbona hamviiti maskini? Sisi tuna "twende" kwa mmoja na "twendeni" kwa wengi, alafu mtu anasema "tulienda Lindi na Hamisi" mgeni anahesabu watatu kumbe wawili tu, yeye na Hamisi. Na muache kuita Kimakonde na Kimwera vilahaja, ni lugha zile.

Nani aligundua sisi mbili? (Nachingwea)

Wenye lugha zao. Aliyeiandika mapema kitabuni ni padri Mhispania, Domingo de Santo Tomás, 1560, kwenye sarufi ya Kikechua cha Peru.

Kuna lugha yenye zaidi ya mbili?

Kihawaii, nne. Wanatenganisha umo na haumo, alafu tena wawili na wengi.

Shikamoo mwalimu. Mwenyekiti wa chama chetu cha msingi kasema "tumekubaliana tukatwe kwa kila kilo", mie sikuitwa kikao chochote. (Mkulima, Newala)

Marahaba. Hiyo ndo sisi ninayoipigia kelele miaka yote, izahay imevaa kanzu ya isika. Kwenye kukatwa utasikia sisi wakulima, posho zikija ni sisi viongozi, na watu wanapiga makofi tu. Simama uulize "sisi akina nani?", omba muhtasari wa kikao, tazama jina lako na sahihi kama vipo, na ufanye hivyo kabla ya mnada, korosho zikishauzwa usiniandikie mie.