Uliza Ujibiwe: Mdogo wangu haoni, anafinyanga na kufuma kwa kushika

SWALI: Shikamoo anti. Mdogo wangu wa kike alipoteza macho akiwa mtu mzima, zamani alikuwa anachora sana, sahivi anafinyanga sanamu za udongo na kufuma vitambaa vya kutundika ukutani, vyote kwa kupapasa tu. Vinatoka vizuri jamani. Ila mama akiona sikio la sanamu limekaa upande anasubiri mwenzie alale, anaenda kulinyoosha. Mimi naona sio sawa ila nashindwa kumwambia. Afu kuna ndugu wanasema hiyo ni ya kujiliwaza tu, asiyeona hawezi kuwa msanii wa kweli. Na rangi za nyuzi je, atazijuaje?
Dada mtu

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na la mama maana ndo kubwa kuliko yote. Asinyooshe. Najua anafanya kwa upendo kabisa, ila lile sikio mdogo wako amelizungukia kwa vidole, akaondoka, akarudi, mpaka akaridhika, sasa kesho akilipapasa akute limehama atajua, tena haraka kuliko mnavyodhani, na kuanzia hapo ataanza kuitilia shaka mikono yake wakati mikono ndo anayoitegemea kwenye kazi nzima. Mama akiona kitu hakijakaa sawa amwambie mchana kweupe, "mwanangu, hili sikio kwangu naliona liko juu," afu aamue mwenyewe kama analishusha au analiacha. Inawezekana ameliweka juu makusudi. Anayefinyanga kwa kushika anaweza kukuza kiganja kikawa kikubwa kuliko uso kwa sababu kwenye hiyo sanamu kiganja ndo chenye habari, na hapo hajakosea vipimo hata kidogo.

Jicho linapata kitu chote kwa mara moja, mkono unakipata kipande kipande afu akili ndo inaunganisha, kwa hiyo mkimuona anachukua muda mrefu kwenye pua tu msimharakishe. Mkono mmoja unabaki pale kwenye pua kama alama, mwingine unatembea, ndo anapima umbali wa jicho na mdomo hivyo. Ncha ya kidole inatofautisha vitu viwili vilivyoachana kama milimita 2 tu. Na kuna mambo ambayo mkono unayajua kabla ya jicho, mfano unene wa udongo, yeye anaubana kati ya dole gumba na kidole cha shahada anajua papo hapo wapi pamezidi, we na macho yako unaona ngozi ya nje tu. Au ukavu. Awe anaweka udongo shavuni, ukiwa bado wa baridi una maji ndani usiingie kwenye tanuri, maana yale maji yanageuka mvuke na kuupasua. Hata wafinyanzi wanaoona wanatumia shavu hivyohivyo.

Hao wanaosema ni ya kujiliwaza, wasomee hii. Italia karne ya 17 kulikuwa na Giovanni Gonnelli, alipofuka akaendelea kufinyanga sura za watu kwa kuwapapasa, wakamwita Kipofu wa Gambassi, yaani mji alikotoka. Na Marekani kuna Michael Naranjo, mtu wa Santa Clara Pueblo, jamii ya wenyeji asilia wa huko, mwaka 1968 bomu la mkono lilimpofusha vitani Vietnam na kumuumiza mkono wa kulia, akaanza na udongo akiwa bado hospitali, baadaye akachonga kwa nta akitumia vidole na kucha, zile kazi zinamiminwa kwa shaba. Nani atasema huyo alikuwa anapitisha muda?

Kwenye kufuma mimi naona ana bahati zaidi, maana nyuzi za mtande, zile zilizovutwa kwenye fremu, zikilegea kiganja kinasikia mara moja, na mshindio, uzi unaopita katikati yake, anauhesabu kwa ncha za vidole. Mchanganyie malighafi, sufu, pamba, mkonge, hariri, moja nene moja nyembamba, kitambaa kiwe na habari mkononi hata kabla ya rangi. Rangi zenyewe sio tatizo kubwa hivyo. Alikuwa mchoraji, bluu anaikumbuka, anachohitaji ni kujua ipo bonge gani, basi fungeni mafundo mwanzoni mwa kila uzi, fundo moja nyekundu, mawili bluu, au wekeni lebo za breli kama ameshajifunza. Zipo pia programu za simu zinazotaja rangi kwa sauti, ila kwenye mwanga hafifu zinachanganya, kwa hiyo mafundo yabaki. Na tafadhali sana msimpangie zipi zinaendana, mkimpa "hizi zinapendeza" kila siku kitambaa kitakuwa chenu.

Tena msihamishe vitu vyake! Kisu cha udongo kikiachwa kushoto kibaki kushoto.

Akifika kuonyesha kazi, ombeni watu waruhusiwe kushika. Sio jambo la ajabu, Ancona huko Italia ipo makumbusho inaitwa Museo Omero, ilianzishwa 1993 na mume na mke wasioona, na kule kushika ndo utaratibu wenyewe. Udongo uliochomwa vizuri hauna shida, wageni wanawe mikono tu na wavue pete. Kitambaa ndo kinachakaa kwa mikono mingi, kwa hiyo akifumie kila kimoja kipande kidogo cha pembeni, nyuzi zilezile na mfumo uleule, hicho ndo kishikwe na kile kikubwa kibaki ukutani.